Dishi la setilaiti kwa ajili ya biashara: soko limechangamka, ila soma hapa kabla hujanunua

Swali tunaloulizwa sana siku hizi na wenye biashara ni hili, hivi nikifunga dishi la setilaiti ndo shida ya neti kukatika imeisha? Jibu ni kwamba linaweza kukuokoa kweli, ila dishi peke yake halitoshi na wengi wanakuja kulijua hilo pesa imeshatoka.

Tuanze na kwa nini kila mtu anayataka sasa hivi, maana setilaiti si kitu kipya. Mabenki, migodi na vituo vya mafuta wametumia VSAT tangu miaka ya 1980, lile dishi la mita 1.2 kwenda juu ambalo fundi analilenga kwenye setilaiti moja tu iliyo juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka chini. Setilaiti hiyo inazunguka sambamba na dunia kwa hiyo ukiilenga umeilenga, haihami. Shida ni umbali. Data inapanda na kushuka, halafu jibu nalo lipande na kushuka, zaidi ya nusu sekunde imeshaondoka, mkiongea kwa simu ya mtandaoni mnapishana maneno, na programu ya mauzo kila ukibonyeza kitu unasubiri.

Mwaka 2019 SpaceX wakarusha kundi la kwanza la setilaiti 60 za Starlink, zinazozunguka kilomita kama 550 tu juu, na hapo mchezo ukabadilika kabisa. Wapo pia OneWeb kwenye kilomita 1,200, ambao tangu 2023 wako chini ya Eutelsat, kampuni ya setilaiti ya Ufaransa, na Amazon nao wameanza kurusha za kwao kwa wingi 2025. Roketi zinazorudi kutua na kutumika tena zimepunguza gharama ya kurusha, lakini sisi mafundi tunaona kilichofungua soko zaidi ni antena yenyewe. Setilaiti ya chini haikai sehemu moja, inapita angani kwa dakika chache kisha inaingia nyingine, kwa hiyo unahitaji antena bapa inayogeuza mwelekeo wa mawimbi kwa umeme bila mota yoyote. Teknolojia hiyo ilikuwepo miaka mingi kwenye rada za kijeshi, bei yake haikugusika, mpaka walipoanza kuzizalisha viwandani kwa wingi.

Halafu kuna woga, na ni woga wa haki. Januari 2022 volkano ilikata mkongo wa baharini wa Tonga, nchi nzima ikabaki gizani kimtandao. Machi 2024 mikongo kadhaa ya Afrika Magharibi ikakatika kwa mpigo, Mei ya mwaka huo huo ikawa zamu ya mikongo ya EASSy na Seacom upande wa Afrika Mashariki. Mwenye biashara akishapitia siku kama hizo haulizi tena kama anahitaji njia ya pili, anauliza ipi. Ila muulize anayekuuzia jambo moja, data yako ikitoka kwenye setilaiti inashukia kituo gani cha ardhini? Maana kama kituo chenyewe kinategemea mkongo ule ule unaoukimbia, bado hujaukimbia.

Sasa kufunga. Antena bapa inataka kuona anga pana, si kipande. Tukipanda juu ya paa tunazungusha simu yenye programu ya kupima anga, na penye mti au tangi la maji linaonekana doa jekundu. Doa dogo tu linatosha kukukatia sekunde tatu au tano kila setilaiti inapopita nyuma yake. Anayesoma habari hatajua chochote, lakini mwenye kikao cha video picha inaganda, na mashine ya kadi inakataa malipo mteja akiwa amesimama pale. Kwa hiyo tukisema nguzo iongezwe urefu tafadhali usione tunakuongezea gharama tu.

Mvua kubwa nayo inadhoofisha mawimbi ya Ku, na ya Ka zaidi (ni masafa mawili yanayotumiwa na setilaiti), hilo halina dawa kamili. Umeme ni wa kwako, antena bila UPS, yaani betri ya akiba, itazima pamoja na taa.

Kitu kinachowakwaza wengi ambacho wauzaji hawakitaji ni IP, yaani anwani ya laini yako mtandaoni. Vifurushi vingi vya kawaida vinawachanganya wateja wengi kwenye IP moja, hivyo ukitaka kuangalia kamera za CCTV ukiwa nyumbani au kuunganisha tawi kwa tawi inaweza kugoma, unahangaika na kamera kumbe kosa liko kwenye kifurushi. Omba IP ya pablik, yaani ya kwako peke yako inayofikika kutoka nje, kabla ya kulipa. Uliza pia kuhusu msongamano, kwa sababu watumiaji wa eneo moja mnagawana uwezo wa setilaiti zile zile na jioni spidi inaweza kushuka. Na hakikisha huduma ina kibali cha mamlaka ya mawasiliano ya nchi uliyopo, terminali ya magendo inaweza kuzimwa muda wowote.

Ushauri wetu kwa aliye na faiba nzuri, asiitoe. Weka rauta ya njia mbili, faiba mbele, setilaiti nyuma, ihame yenyewe. Na usikubali kukabidhiwa kazi kabla fundi hajachomoa waya wa faiba mbele yako wakati mauzo yanaendelea, uone risiti inatoka. Aliye mbali na nyaya zote, huyo setilaiti ndo iwe njia kuu, basi nguzo na umeme vipewe bajeti sawa na dishi.

Ukitaka tukupigie hesabu, tutumie picha za paa kutoka pande zote nne, idadi ya mashine na watu wanaotumia neti kwa wakati mmoja, na utuambie ni kitu gani hakipaswi kukatika hata dakika moja. Tutaanzia hapo.