Mamangu, punguza nguvu kwa mswaki

Mamangu, ulifika shule salama? Huku Donholm tuko sawa. Nakuandikia juu simu hamruhusiwi na hii maneno haiwezi kungoja siku ya wazazi.

Ile Jumapili kabla urudi ulikunywa maji ya friji ukashika mdomo ukafunga macho, nikakuuliza ni nini ukasema hakuna kitu. Nikakwambia fungua mdomo nione. Mwanangu, lile jino la chini la mbele lilikuwa refu kuliko mwenzake, na pale karibu na fizi kulikuwa na kamstari ka njano. Nikatafuta kwa simu ile picha niliyokupiga siku uliyowekewa vyuma vya kunyoosha meno, kamstari hakakuwepo. Usiku huo sikulala.

Ukishaenda nikapata mswaki wako kwa bafu, nywele zake zimelala huku na huku kama fagio ya uani. Hapo ndio nikaelewa. Si ni mimi nimekuwa nikikwambia kila siku sugua, sugua kabisa, hivyo vyuma vinashika chakula? Ulifanya tu venye nilisema. Nisamehe mamangu.

Jana nikapitia kwa daktari wako hapo town nikamwonyesha picha. Akanieleza polepole, jino halijarefuka, ni fizi imeshuka, na hiyo njano ni mzizi, haujafunikwa na enameli, lile ganda gumu la nje, kama jino lenyewe ndio maana baridi inakuchoma. Meno ya mbele ya chini ndio hupatwa sana juu mfupa ulio mbele yake ni mwembamba, sasa waya ikiyasukuma kwenda nje na huku mtu anasugua kama sufuria iliyoungua, fizi inakosa pa kushikilia. Lakini uchafu ukikaa kando ya vyuma fizi inavimba na inaweza kushuka vilevile, kwa hivyo usije ukaogopa ukaacha kupiga mswaki, tafadhali. Na iliyoshuka hairudi yenyewe. Ikizidi huwa wanatoa kanyama kwa kaakaa wanashonea pale, na mimi sitaki ufike huko.

Kwa hii bahasha nimekuwekea miswaki miwili laini na vile vibrashi vyembamba vya kupitisha chini ya waya. Mswaki ushike kama kalamu, usiukunjie ngumi, uinamishe kidogo kuelekea fizi halafu zungusha polepole dakika mbili, asubuhi na usiku. Ile dawa ya meno ya mkaa uliyonunua achana nayo, inakwaruza, tumia ya kawaida yenye floridi.

Kitu kimeniuma zaidi ni venye ulinyamaza. Nafikiri uliogopa nitaanza hesabu ya pesa, na ni kweli tulijinyima mpaka shangazi yako akatuongezea, lakini hayo meno ni yako, utakula nayo ukiwa nyanya, hiyo pesa sitaihesabu mbele yako tena.

Daktari anataka kukuona kabla akaze waya, aangalie kama atabadilisha venye anasukuma hayo ya chini. Nimeongea na matroni, nakuja Alhamisi saa mbili asubuhi. Tukiingia mwambie wewe mwenyewe panauma wapi na kuanzia lini, usiningoje nikusemee. Na mpaka hiyo siku, maji ya bomba yakiwa baridi sana omba jikoni wakuwekee ya vuguvugu.

Mama