Diski Ikianza Kugonga, Zima Kompyuta Kwanza

Mteja akitupigia simu kusema kompyuta yake ya zamani imegoma kuwaka, swali letu la kwanza ni hili: je, kuna kitu humo ndani ambacho huna kwingine? Picha za watoto, hesabu za biashara, tasnifu iliyobakiza sura moja. Akisema kipo, tunamwomba asiiguse tena swichi mpaka mashine ifike mezani kwetu. Kwa kawaida huwa ameshaiwasha na kuizima mara nyingi siku hiyo, akitumaini itaamka.

Tunaomba hivyo kwa sababu ya jinsi diski ilivyoundwa. Diski kuu za zamani zina sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Juu ya sahani hizo vinaelea vichwa vya kusomea, katika mwanya mwembamba kiasi kwamba hata chembe ya vumbi haipenyi. Kichwa kikiharibika na kugusa sahani, kinakwangua utando wa sumaku unaohifadhi data. Kila ukiwasha, kinakwangua tena. Kilichokwanguliwa hakirudishwi na programu yoyote, wala na fundi yeyote.

Dalili zake si ngumu kuzitambua: mlio wa kugonga unaojirudia, faili dogo kuchukua dakika nzima kufunguka, kompyuta kuganda huku taa ya diski ikiwaka tu bila kupepesa. Lakini tafadhali usikimbilie kununua diski mpya. Mwalimu mmoja alituletea kompyuta iliyoandika kwamba haioni mfumo wa kuwakia, naye alikuwa ameshakata tamaa. Tulipoingia BIOS, programu ndogo inayoamka kabla ya Windows, tukakuta tarehe imerudi nyuma miaka mingi. Betri ndogo ya duara kwenye ubao mama, ile CR2032, ilikuwa imekwisha. Mipangilio ikarudi ya kiwandani, namna ya kusoma diski ikabadilika, na Windows ikashindwa kuwaka. Tuliweka betri mpya, tukarekebisha mpangilio mmoja, akaondoka na mafaili yake yote. Diski ilikuwa nzima kabisa.

Kwa hiyo tunaanza na vitu rahisi. BIOS inaiona diski? Kebo imekaa sawasawa? Kisha tunasoma SMART, kumbukumbu ambayo diski hujiwekea yenyewe kuhusu afya yake. Tunaangalia hasa kipengele namba 5, idadi ya sekta mbovu (sekta ni vipande vidogo vya kuhifadhia data) ambazo diski imezihamisha, na namba 197, sekta zilizoshindwa kusomeka na zinazosubiri uamuzi. Namba hizo zikiwa zinapanda, diski inakufa. Ikipanda namba 199 peke yake, yaani makosa ya kupitisha data kati ya diski na kompyuta, mara nyingi kosa ni la kebo. Hata hivyo SMART ikisema hali ni nzuri, hatuichukulii kama hakikisho, kwa maana diski nyingine hufa bila kutoa onyo lolote.

Tukisharidhika kwamba diski ndiyo mgonjwa, tunanakili kwanza. Hapa ndipo tunapoona hasara nyingi zinazoepukika. Mtu anaendesha chkdsk, programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, kwenye diski inayokufa, nayo inailazimisha kusoma kila kona na kuandika mabadiliko juu ya data ambayo ingeweza kuokolewa. Sisi tunatumia ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu: huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, halafu ndipo hurudi kwenye sehemu mbovu, na huweka ramani ya ilipofikia ili kazi ikikatika isianze upya. Tunasihi pia usiweke diski kwenye friza. Ushauri huo bado unazunguka mitandaoni, na unyevu unaoganda ndani huimaliza. Na kama diski inagonga au haizunguki kabisa, nasi tunaishia hapo. Kazi hiyo ni ya maabara yenye chumba kisicho na vumbi, na tutakuambia hivyo waziwazi badala ya kujaribu bahati kwa data yako.

Kuhusu diski mpya, ushauri wetu kwa karibu kila kompyuta ya zamani ni SSD, diski isiyo na sahani wala vichwa, ya inchi 2.5 yenye kiunganishi cha SATA. Zile nyembamba za M.2 kwa kawaida hazina pa kukaa kwenye mashine hizo. Hata kama ubao mama wako ni wa kizazi cha pili cha SATA, ambacho hakifikii kasi kamili ya SSD, utaona tofauti kubwa, kwa sababu hakuna tena kichwa cha kusafirisha huku na huku kutafuta faili.

Diski ya zamani ikiwa ilikuwa na sekta mbovu, tunapendelea kusakinisha mfumo upya kuliko kuuhamisha kama ulivyo. Mafaili ya mfumo yaliyoharibika huhama nayo, na mteja hurudi baada ya wiki mbili na matatizo yasiyoeleweka. Njoo basi na nywila zako na leseni za programu ulizonunua. SSD nayo huharibika, mara nyingi kimyakimya, kwa hiyo kabla hujaondoka tunakuwekea nakala rudufu kwenye diski ya nje na kukuonyesha jinsi ya kuirudia mwenyewe.

Diski mbovu tunakukabidhi mkononi. Hata ikiwa haiwaki, bado ina barua zako na picha zako, na wewe ndiye wa kuamua iharibiwe lini.