Wembe uondoke kwenye orodha ya mgonjwa wa upasuaji

Mhariri,

Mgonjwa akipangiwa upasuaji, hospitali nyingi humpa karatasi ya vitu vya kununua: glavu, pamba, sindano, uzi na, mara nyingi, wembe. Ndugu huzunguka maduka ya dawa, hurudi na mfuko, na jioni hiyo mgonjwa hunyolewa kitandani wodini. Tunaomba wembe huo ufutwe. Ukipita kwenye ngozi huacha mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho, na usiku kucha bakteria wa ngozini, hasa stafilokoka, huzaliana humo. Kesho yake kisu kinapita palepale.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2016 hauna utata: nywele ziachwe. Zikizuia kazi, zikatwe kwa mashine ya umeme kama ya kinyozi, yenye kichwa kinachosafishwa au kubadilishwa kwa kila mgonjwa. Penye wembe paandikwe sabuni, maana kuoga mwili mzima kwa sabuni ya kawaida kabla ya upasuaji ni sehemu ya kinga. Na wajawazito wanaojinyoa nyumbani kwa kuwaonea haya wauguzi waambiwe kliniki mapema kwamba hakuna anayewadai hilo.

Kubwa zaidi ni saa ya sindano. Antibiotiki ya kinga inafaa ikiwa imeshafika kwenye damu na nyama kabla kisu hakijagusa ngozi. Damu ikishaganda kwenye jeraha, dawa inayokuja baadaye haipenyi vizuri kufika walipo bakteria. Sasa tazama inavyokwenda: sindano inachomwa wodini saa 12 asubuhi pamoja na za wagonjwa wengine, halafu umeme unakatika, au dharura inaingia, na mgonjwa analazwa mezani saa 6 mchana. Sefazolini, antibiotiki inayotumika kwa kinga hii, hupungua kwa nusu kila baada ya saa 2 hivi. Kisu kinapoanza, imebaki moja ya nane au chini ya hapo. Faili linasema "amepewa", na kweli amepewa.

Dawa iende na mgonjwa hadi chumba cha upasuaji, na mtaalamu wa usingizi ndiye aichome: gramu 2 kwa mtu mzima, gramu 3 kwa mwenye kilo 120 au zaidi, polepole kwa dakika 3 hadi 5, ndani ya saa moja kabla ya kupasua. Orodha ya usalama wa upasuaji ya WHO, iliyotoka mwaka 2008, ina swali hili. Lijibiwe kwa kutaja saa na dakika, siyo kwa "ndiyo". Upasuaji ukipita saa 4, au damu iliyopotea ikizidi lita moja na nusu, dozi irudiwe palepale mezani. Kwa mama anayejifungua kwa upasuaji, mazoea ya kusubiri kitovu cha mtoto kibanwe kwanza yameshapitwa na wakati. WHO inataka dawa iingie kabla ya kupasua. WHO hiyohiyo inasema Afrika hadi asilimia 20 ya akina mama hao hupata maambukizi ya kidonda.

Baada ya mshono kufungwa, basi. Siku tano za seftriaksoni, antibiotiki nyingine, "kwa usalama" hazimkingi mgonjwa ambaye hana maambukizi. Zinamwongezea gharama na kuwafundisha bakteria usugu. Hospitali ya Thika, Kenya, ilibadili utaratibu huu, na utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ukaonyesha kwamba kinga ya kabla ya upasuaji ilipanda kutoka asilimia 2 hadi 98 ndani ya wiki 6, huku antibiotiki za baada ya upasuaji zikiporomoka. Vidonda havikuongezeka kuoza.

Tuingie chumba cha kutakasia vifaa, ambako wageni wa kukagua hospitali hawafikishwi. Kwa miaka mingi tulifundishwa kutumbukiza mikasi na koleo zenye damu kwenye jiki ya asilimia 0.5 kwa dakika 10. WHO haishauri tena. Damu huimaliza nguvu klorini iliyomo kwenye jiki, na klorini nayo huila chuma. Fungua koleo la zamani utazame kwenye kiungo chake: utakuta kutu yenye vishimo, na ndani ya vishimo damu kavu ambayo mvuke haiifikii vizuri. Vifaa viloweshwe kwenye maji yenye sabuni ya vifaa mara tu kazi inapoisha, visuguliwe kwa brashi chini ya maji ili yasiruke usoni, viungo vikiwa wazi, visuuzwe, vikaushwe, ndipo vifungwe. Anayeosha avae glavu nene, aproni na miwani.

Kwenye mashine ya mvuke, makosa ni yaleyale kila mahali. Vifurushi vilivyofungwa vinahitaji nyuzi joto 121 kwa dakika 30, na dakika hizo huhesabiwa kuanzia joto linapofika 121, siyo unapowasha swichi. Umeme ukikatika katikati, hesabu inaanza upya. Mashine ikishindiliwa hadi mlango unafungwa kwa kusukuma, mvuke hauzunguki. Matundu ya dramu, yaani kopo la chuma la kutakasia vifaa, yawe wazi wakati wa kutakasa na yafungwe mara dramu inapotoka. Ule utepe wa kifurushi wenye mistari inayogeuka myeusi unathibitisha tu kwamba kifurushi kimepita kwenye joto. Hausemi chochote kuhusu kilichomo katikati. Na kifurushi kilichotoka na unyevu kirudishwe, hata kama daktari ameshanawa, kwa sababu maji huvuta vijidudu kutoka nje kupita kwenye kitambaa.

Mengine ni nidhamu tu. Mlango ufungwe, feni izimwe, wanafunzi wasiwe msafara. Spiriti ya klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, iliyopakwa kwenye ngozi iachwe ikauke yenyewe, isifutwe, wala isituame chini ya mgongo, maana kisu cha umeme huiwasha moto. Chupa ya dawa hiyo ya ngozi iliyobaki robo isijazwe juu kwa juu. Kuna bakteria wanaoishi raha mustarehe humo.

Kabla ya kufunga tumbo, timu ibadili glavu na itumie vifaa vipya. Utafiti uliofanywa katika nchi 7, Rwanda ikiwemo, kwa wagonjwa 13,301, na kutolewa mwaka 2022, ulionyesha kwamba hatua hiyo peke yake ilishusha maambukizi kutoka asilimia 18.9 hadi 16.0. Hakuna mashine ya kuagiza ng'ambo hapo. Tangu mwanzo muuguzi atenge pembeni kishikio cha sindano, koleo la meno na mkasi, avifunike kwa kitambaa kilichotakaswa, na visiguswe hadi wakati wa kushona.

Mwisho, hospitali zihesabu. Maambukizi ya kidonda huhesabiwa hadi siku ya 30, na hadi siku ya 90 palipowekwa chuma mwilini, wakati mgonjwa ameshaondoka siku ya tatu au ya nne. Daftari moja na simu vinatosha: siku ya 30 aulizwe kama mshono umeachia, umetoa usaha, umekuwa mwekundu au kuuma zaidi, na kama amepata homa. Atakayesema mshono unatoa maji aitwe siku hiyohiyo uonwe kwa macho, asielekezwe vidonge dukani.

Wauguzi wa chumba cha upasuaji,
Mwanza