Kwa binamu yangu anayetuchinjia mbuzi wa Krismasi

Binamu yangu,

Asalaam aleikum. Nakuandikia hadharani kwa sababu swali lako nawe uliliuliza hadharani, mbele ya wajomba na kundi zima la watoto, asubuhi ya Krismasi iliyopita pale kwa Jaja, bibi yetu, Wobulenzi. Ulikuwa umetoka Bombo alfajiri kama kila mwaka, umeshamchinja mbuzi, unanawa mikono. Ukasema: "Sisi tukichinja Idi kubwa, hata mtoto mdogo anajua ni kwa ajili ya Ibrahimu. Ninyi huyu mnamla kwa ajili ya nini?"

Nami niliyekaririshwa katekisimu tangu sijang'oa meno ya utoto nikajibu, "Si ni Sikukuu tu, bwana." Watu wakacheka. Wewe hukucheka, ukaendelea kufuta kisu. Swali hilo nimelala nalo mwaka mzima.

Nianze na hilo neno nililojifichia. Jaja anaiita Krismasi Ssekukkulu, nayo ni sikukuu yetu ya Kiswahili iliyovalishwa kanzu ya Kiganda. Kiswahili chenyewe kilifika kwa Kabaka, mfalme wa Buganda, kikiletwa na wafanyabiashara Waislamu wa kutoka Zanzibar, tangu miaka ya 1840, na Kabaka Mutesa alikuwa ameshafunga Ramadhani nyingi kabla mmisionari yeyote hajapiga hodi. Waanglikana walipoingia mwaka 1877 na Wakatoliki mwaka 1879, walikuta mkeka umeshatandikwa. Mackay, mmoja wa wamisionari Waanglikana, alikuwa akimsomea Kabaka Injili kwa Kiswahili. Kwa hiyo siku yetu kubwa tunaiita kwa neno lililopitia kwa Waislamu. Hilo peke yake lingetosha kukupa paja zima la mbuzi.

Tarehe usiniulize sana. Biblia haitaji siku aliyozaliwa Yesu. Ushahidi wa zamani wa 25 Desemba unatoka Roma, katika kalenda iliyokusanywa mwaka 354, na wataalamu bado wanabishana kwa nini siku hiyo ilichaguliwa. Jirani zangu Waethiopia pale Kabalagala wataanza kupika wakati sisi tumeshamaliza hadi mifupa, kwa maana kwao ni 7 Januari.

Tuje kwenye kuzaliwa kwenyewe. Ninyi katika sura ya Maryam mnasoma kwamba uchungu ulimshika akiwa chini ya mtende, peke yake, akapewa tende mbivu. Naipenda sana picha hiyo, nakuambia kweli. Yetu ina watu wengi na kelele. Luka anaanza na serikali: "amri ilitoka kwa Kaisari Augusto ya kwamba iandikwe orodha ya majina ya watu wote wa ulimwengu." Yusufu na Mariamu wanasafiri kwenda Bethlehemu kwa ajili ya foleni ya kuandikishwa, mama ana mimba pevu. Mtu aliyewahi kubanwa ndani ya teksi kutoka Kampala tarehe 24, nauli imepanda maradufu, gunia la mtu juu ya magoti yake, anaweza kuanza kuelewa. Mtoto anazaliwa huko, analazwa "katika hori ya kulia ng'ombe, kwa sababu hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni."

Hapo nina ugomvi mdogo na michezo yetu ya Krismasi kanisani. Kila mwaka kuna kijana anayeigiza mwenye hoteli katili, anawafukuza, watoto wanamzomea. Luka hamtaji mtu huyo kabisa. Hata lile neno la Kigiriki linalotafsiriwa nyumba ya wageni ndilo analolitumia baadaye kwa chumba ambamo Yesu alikula karamu ya mwisho na wanafunzi wake. Hoteli ya njiani, ile ya Msamaria mwema, ameipa neno jingine. Ndiyo maana wengi wanaona ilikuwa nyumba ya watu wa kawaida, chumba cha wageni kimejaa, wakabanana chini pamoja na mifugo, kama watu wa kule walivyoishi. Wewe umemwona yule mbuzi amelala jikoni kwa Jaja, karibu na mafiga, ili wezi wasimchukue. Nadhani hori lilikuwa mahali kama hapo.

Sasa ndipo penye kiini, na ndipo tutakapoachana njia, mimi na wewe. Qurani inamwita Isa neno litokalo kwa Mungu, mwana wa bikira, na nabii; Mungu, hapana. Sisi tunasema yule aliyelala horini ndiye Neno ambalo kwalo vitu vyote viliumbwa. "Naye Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu," anaandika Yohana. Najua linakuchoma sikioni neno "Mwana", kana kwamba Mungu alioa. Hata kwetu mwenye kusema hivyo angekuwa amekufuru. Maaskofu walipokutana Nisea mwaka 325 waligombania jambo hilohilo: je, huyu ni kiumbe, hata kama ni kiumbe bora kuliko vyote? Wakaandika sentensi tunayoisema hadi leo: amezaliwa bila kuumbwa. Mwaka 451, Kalsedoni, wakaongeza kwamba ni Mungu kweli na mtu kweli, bila kimoja kumeza kingine. Sina namna ya kukurahisishia hilo. Mimi mwenyewe silielewi kwa kichwa. Nalielewa kwa magoti.

Nakwambia magoti kwa sababu ndiyo unayoyakosa ukibaki uani na mbuzi wako. Dominika nyingine za mwaka tukisali Nasadiki, ile sala ya kukiri imani yetu, tukifika kwenye maneno ya kwamba alipata mwili akawa mwanadamu, tunainamisha kichwa tu. Siku ya Krismasi tunapiga magoti. Kanisa limefurika, wengine wamesimama nje chini ya mwembe, jua la Desemba linawaka, wamama wamevaa gomesi mpya walizozipiga pasi usiku kucha, na ghafla wote chini, vumbi na gomesi. Jaja naye, na magoti yake yale. Mwaka juzi nilimwambia, "Jaja, wewe kaa tu, Mungu anaelewa." Akanijibu kwamba Mungu alishuka kutoka mbinguni mpaka horini, yeye atashindwaje kushuka kutoka kwenye benchi.

Baada ya hapo padre alitangaza harambee ya mabati kwa dakika arobaini, lakini hayo tuyaache.

Unajua Bethlehemu maana yake nini? Kwa Kiebrania ni nyumba ya mkate. Kwa Kiarabu, wewe uliyepita madrasa utaniwahi: Bait Lahm, nyumba ya nyama. Nilipoligundua hilo nilicheka peke yangu ndani ya basi. Mtoto analazwa katika chombo cha kulia chakula, mjini panapoitwa kwa jina la chakula, na alipokuwa mtu mzima alishika mkate akasema huu ni mwili wangu. Hata neno Krismasi ni la Kiingereza cha kale, Misa ya Kristo. Kwa hiyo mlo wa kwanza wa siku ile ni kile kipande chembamba cha mkate tunachopokea altareni. Mbuzi anakuja wa pili. Tunamla kwa sababu tunasema Mungu alikuja kuketi na watu, wenye njaa na walioshiba, wa ukoo na wasio wa ukoo, na watu wakiketi pamoja Buganda hawaketi mbele ya sahani tupu.

Na wewe unamchinja, kwa sababu Jaja hataki mtu yeyote aliyefika kwake ashindwe kula. Mama yako alipoolewa Bombo na kusilimu, Jaja ndiye aliyesema kisu cha nyumba hii kitakuwa chenu. Sijui kama alikuwa akifikiria hori. Nadhani alikuwa akifikiria binti yake.

Mbuzi wa mwaka huu ni yule mweusi aliyevunjika pembe. Ukifika mapema utamkuta jikoni. Misa ni saa tatu, na chini ya mwembe pana kivuli.