Godoro la umeme la mbwa: someni volti kabla ya bei

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na wafugaji wa mbwa wa nyanda za juu, hasa Njombe, Makete na Mbeya, sasa tunapoingia kwenye baridi ya Juni na Julai. Magodoro ya umeme ya mbwa yanaagizwa mtandaoni, mengine yanaletwa na ndugu walio nje. Yanamfaa sana mbwa anayeyahitaji, lakini likichaguliwa baya linaunguza, na anayelala juu yake hana mdomo wa kulalamika.

Anza na lebo. Magodoro ya Marekani yametengenezwa kwa volti 120, umeme wetu ni 230. Adapta hubadili pini za plagi tu, umeme unabaki ule ule. Godoro la wati 40 la volti 120 likichomekwa hapa moja kwa moja hutoa karibu wati 150, kwa sababu volti zikikaribia maradufu, joto hukaribia mara nne. Waya za ndani hazikuundwa kwa kazi hiyo, na sponji ndiyo inayoanza kuungua. Nunua lililoandikwa 220–240. Kwa mbwa anayetafuna, bora zaidi ni la volti 12 lenye chaja yake inayopokea 100–240, na waya uliovikwa mrija wa chuma. Kama plagi ni ya pini tatu yenye fyuzi, ifungue: mara nyingi utakuta fyuzi ya ampea 13. Kwa kifaa kidogo hivi weka ya ampea 3, ili waya ukipata shoti fyuzi ikatike mapema.

Joto la mwili wa mbwa mwenye afya ni nyuzi joto 38 hadi 39.2. Godoro linalofaa lina thamostati inayolizuia lisipite hapo. Blanketi la umeme la binadamu lisitumike, linaweza kupanda zaidi. Wanaoumia ni mbwa wazee, wagonjwa na waliotoka kwenye upasuaji dawa ya usingizi ikiwa bado mwilini, maana hawawezi kujisogeza. Joto ambalo mkono wako unalivumilia kwa dakika tano linaweza kuunguza ngozi iliyolaliwa upande mmoja usiku kucha. Manyoya hulificha jeraha. Siku kadhaa baadaye ndipo ngozi inakuwa ngumu kama gamba na kubanduka. Kwa hiyo kabla ya kumlaza, liwashe kwa muda wa saa moja, weka kipimajoto katikati chini ya taulo na usome. Usilikunje, maana waya ukivunjika ndani hutengeneza sehemu moja yenye moto mkali. Usilirundikie mablanketi mazito pia.

Sehemu yenye joto isijaze malazi yote. Mbwa apate pa kuhamia. Kwa watoto wa mbwa hili ni la lazima: wiki ya kwanza hawajui hata kutetemeka, wanahitaji hewa ya nyuzi joto 29 hadi 32 pale walipo, lakini pasha nusu ya boksi tu. Wakijirundika na kulia, wana baridi. Wakitawanyika kwenye kingo na kuhema, punguza.

Gharama haitishi. Wati 40 kwa saa 10 kila usiku ni takriban uniti 12 kwa mwezi. Umeme ukikatika, tumia chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo, na uiondoe ikipoa, la sivyo itamnyonya joto. Foronya ifuliwe kila wiki, maana mayai ya viroboto huanguliwa haraka penye joto.

Sasa, mbwa wengi wa hapa hawalihitaji kabisa. Mbwa wa kienyeji mzima mwenye afya, au German Shepherd mwenye manyoya mazito, anateswa na sakafu ya saruji na unyevu. Mtengenezee chaga za mbao zilizoinuka sentimita 10, jaza mabua makavu ya ngano, geuza mlango wa kibanda upande usio na upepo na uufanye mdogo. Matambara na mablanketi ya nje hunyonya maji na kumpoza zaidi, mabua hayafanyi hivyo. Yabadilishe mara yakilowa. Jiko la mkaa lisiingie kibandani kwa hali yoyote. Hewa yake yenye sumu haina harufu, na huua mbwa usingizini kama inavyoua watu.

Wauzaji nao nawaomba wawashe godoro mbele ya mteja kwa nusu saa, na wamwonyeshe lebo ya volti kabla hajatoa pesa.

Mfugaji wa mbwa,
Njombe