Treni za bustani, mmesahau kidude cha kuzipandishia

Mhariri, makala yenu ya treni za bustani za Ujerumani, zile treni ndogo za mfano zinazotembea kwenye reli iliyotandikwa bustanini, nimeisoma yote, nzuri kweli, ila mmeongelea bei za vichwa vya treni tu na hamkugusa kabisa kinachowatesa wenyewe, yaani kuipandisha hiyo treni relini. Mi naishi huku, jirani yangu mzee anazo na huwa namsaidia.

Hizi za LGB, chapa ya Kijerumani ya treni za bustani, zilizoanza 1968, reli yake ina upana wa milimita 45, na behewa refu lina seti mbili za magurudumu, kila moja inageuka inavyotaka. Ukiweka za mbele sawa, za nyuma zishakimbilia pembeni, na reli iko chini kwenye nyasi, mzee wa watu kapiga magoti haoni kama gurudumu limekaa au limepanda juu ya chuma. Dawa ni rampu, kidude cha plastiki unakilaza juu ya reli, unaweka behewa unalisukuma taratibu, kingo zake zinayasogeza magurudumu mpaka yanatumbukia yenyewe mahali pake. Na iwe plastiki manake reli nyingi za hivi zina umeme, chuma kikigusa zote mbili ni shoti hapo hapo!

Vile vichwa vya mvuke wa kweli, vinavyochoma gesi, ni habari nyingine, vizito halafu vinaunguza. Wenyewe wana ubao wenye kipande cha reli juu yake, wanaulinganisha na reli ya bustani kichwa kinaviringika kuingia, na ubao huo huo ndio wa kukibebea.

Sasa kwa wasomaji wa Dar na Nairobi wanaotaka kujaribu, msiagize rampu Ulaya jamani, mpeni seremala kipande cha reli na behewa moja apimie, atachonga ya mbao. Halafu kitu ambacho makala haikusema, kwa kipimo cha 1 kwa 22.5, yaani treni ya kweli imepunguzwa mara 22.5, hizo milimita 45 ni kama mita moja kwenye reli ya kweli, yaani reli yetu ile ya zamani ya Mombasa na ile ya kati ya Dar kwenda Kigoma. SGR haiingii hapo, yenyewe ni milimita 1,435.

Mkirudia mada hii wekeni picha ya rampu, ya vichwa tumeshaona.

Msomaji wenu, Ujerumani