Kivuli nacho kipigiwe muhuri: barua ya wazi kwa madiwani wa Dar es Salaam

Waheshimiwa madiwani, wanangu,

Wengi wenu tukikutana njiani mtaniamkia, kwa hiyo naanza kwa kuitikia: marahaba. Mimi ni mchora ramani mstaafu. Miaka 31 nimekaa kwenye meza ya michoro ya halmashauri moja ya jiji hili, na kila aliyeomba kibali cha ujenzi, mchoro wake ulipita mikononi mwangu kabla haujapanda kwa wakubwa. Macho sasa yamechoka, ila nikipita mbele ya jengo bado naiona karatasi yake.

Kilichonifanya nishike kalamu ni jambo la mwezi uliopita. Jirani yangu, kijana anayetembelea baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono, aliniomba nimsindikize kwenye ofisi moja ya umma kufuatilia cheti. Jengo ni jipya, vioo vya buluu kutoka chini hadi juu, marumaru zinang'aa. Mlangoni ngazi tano. Pembeni wameweka mteremko, kwa kuwa sheria inautaka, lakini umesimama kama paa, na umesakafiwa marumaru zilezile za kuteleza. Akajaribu mara moja, gurudumu la mbele likanyanyuka, tukamdaka. Akabaki chini. Karani, binti mwenye adabu zake, akashuka na fomu. Ilikuwa saa saba mchana, hapana mti, hapana ukingo wa paa, na jua lilikuwa linatupiga mara mbili, la juu na la kwenye vioo. Kijana akaandikia juu ya goti. Jasho likadondokea karatasi, wino ukatawanyika, karani akapanda kuleta fomu nyingine. Siku ile aliandika jina lake mara tatu.

Nilikuwa nimemshikia kanga juu ya kichwa, na huku nimeinua mikono nikawa napiga hesabu. Ngazi tano za sentimita 15 ni kimo cha sentimita 75. Mteremko ambao mtu wa baiskeli ataupanda mwenyewe, bila kusukumwa, unataka urefu mara 12 ya kimo chake. Hapo ni mita 9. Wao wamempa kama mita mbili na nusu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu mwaka 2010, na mchoro ule ulipigiwa muhuri kwa sababu neno "mteremko" lilikuwa limeandikwa. Nasema kweli, hata mimi ningeupitisha. Tulifundishwa kuangalia kama kitu kipo. Hatukufundishwa kuuliza kama kinamfaa mtu.

Ninyi mnaoketi kwenye Kamati ya Mipango Miji na Mazingira mmezoea kugawa mambo. Uzuri wa jiji mnawaachia wasanifu majengo, joto mnawaachia watu wa mazingira, wenye ulemavu mnawaachia ustawi wa jamii. Jirani yangu aliyapata yote matatu kwenye kipande cha ardhi kisichozidi hatua kumi, wakati mmoja.

Ofisini kwetu mchoro ulizunguka. Afisa afya aliangalia choo na shimo, zimamoto njia ya kutokea, mhandisi nondo na zege, mipango miji matumizi ya kiwanja na mipaka yake. Kazi hizo siziondoi hata moja. Tarehe 29 Machi 2013 ghorofa la Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36, na Novemba 2024 Kariakoo tukafukua tena vifusi, tukazika watu zaidi ya 20. Jengo kwanza lisimame. Lakini katika mzunguko wote ule hapakuwa na meza hata moja ya kuuliza: huyu anayepita nje, asiye na haja na jengo hili, litamfanyia nini?

Mjukuu wangu anasoma usanifu Chuo Kikuu Ardhi, naye ndiye aliyenieleza kwamba mwaka 2020 Umoja wa Ulaya ulitangaza mpango unaoitwa New European Bauhaus, jina limechukuliwa kwa shule ya usanifu iliyofunguliwa Weimar, Ujerumani, mwaka 1919. Mradi wa jengo au uwanja wanaupima kwa mambo matatu: uwe unapendeza, usiharibu mazingira, na kila mtu awe na nafasi humo. Mjukuu alinionyesha na picha. Picha zile ni za kwao na baridi yao, hazinihusu. Nililolichukua ni kwamba yale matatu yanapimwa kwa pamoja. Kwetu jengo la vioo likimfungia nje kijana wa baiskeli na kumchoma jua, bado tunaliita jengo zuri lenye kasoro. Mimi nasema si zuri.

Nyumba niliyozaliwa, Magomeni, ilikuwa nyumba ya Kiswahili kama zote za mtaani: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani nyuma, baraza mbele. Baraza ile ilikuwa na kimo cha goti, upana wa mtu kujinyoosha akalala, na paa liliipita kwa mkono mzima. Alfajiri mama yangu alikaangia hapo vitumbua. Jioni wazee walicheza bao, muuza kahawa akitua dele lake. Katikati, mchana wa jua kali, alikaa yeyote: mjamzito anayerudi kliniki, mtu aliyeshushwa na basi asiyejua aendako. Hakuomba ruhusa, alipiga hodi tu akitaka maji. Baraza ilikuwa mali ya mwenye nyumba, kivuli chake kilikuwa cha mtaa.

Leo mahali pa baraza pana fremu za maduka, zimesogezwa hadi juu ya bikoni ya mpaka, na watembea kwa miguu wameingia barabarani kugombea na bodaboda. Simlaumu mwenye nyumba. Fremu inaleta kodi kila mwezi, baraza hailipi. Kama sheria haimwambii kitu atafuata hesabu ya mfuko wake, nami ningekuwa yeye ningefanya hivyohivyo. Ndiyo maana barua hii nimewaandikia ninyi, sikumwandikia yeye.

Mnayo mamlaka. Sheria ya Serikali za Mitaa ya Mamlaka za Miji ya mwaka 1982 inaziruhusu halmashauri kutunga sheria ndogo, waziri akaziridhia. Tumeitumia kutoza ushuru na kufukuza mbuzi. Itumieni kwa kivuli. Kwenye mitaa ya biashara, mita mbili za mbele za ghorofa ya chini ziachwe wazi kwa wapita njia, zikiwa chini ya paa, na mwenye jengo aruhusiwe kujenga juu yake. Hapotezi vyumba, anapoteza ukuta wa chini tu, na duka lake linapata wateja wanaosimama bila kuungua. Pitieni Uhindini, kwenye majengo ya zamani yaliyobaki, muone yale yenye kingo za zege zilizotoka juu ya njia. Mvua ya masika ikishuka ghafla, watu wote wa mtaa huwa chini yake.

Halafu kuna hili la vioo. Jiji letu liko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, jua linapita juu ya utosi, kwa hiyo kuta zinazoteseka ni za mashariki na magharibi. Ukuta wa kaskazini na wa kusini unaukinga kwa ukingo mfupi tu wa paa. Upepo nao tunaujua tangu enzi za majahazi: kaskazi, kisha kusi. Jengo likilazwa kwa urefu mashariki na magharibi, madirisha yakatazama kaskazini na kusini, kuta fupi za pembeni zikajengwa kwa tofali zenye matundu, nusu ya kazi ya kiyoyozi imekwishafanywa bila LUKU. Nimepitisha michoro mingi mno ya ukuta wa kioo unaotazama machweo, na ndani yake watu wamefunga mapazia mchana kutwa na kuwasha taa. Sijui kioo hicho kinamwonyesha nani nini.

Mtu akiwaambia kwamba haya ni mambo ya kizamani, mpelekeni Kariakoo. Soko lile alilichora Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Paa lake ni miavuli mikubwa ya zege: inakinga jua, inapitisha hewa katikati, na maji ya mvua yanateremka hadi kwenye matanki chini ya ardhi. Muuza mchicha na mnunuzi wa gunia wote walisimama chini ya kitu kizuri, na hakuna aliyeulizwa kiingilio. Liliungua Julai 2021 na nililia kama nimefiwa. Kila mchoro wa soko jipya la mtaa unaoletwa mbele yenu, kibanda cha bati na nguzo, uwekeni karibu na picha ya paa la Amuli, kisha ndipo msaini.

Miti. Hapa nawaomba muwe wakali. Masharti ya kibali yanataka mti, naye mwenye jengo anapanda miashoki, mirefu, myembamba, inayojitia kivuli yenyewe. Sheria ndogo itaje miti kwa majina: mwarobaini, mkungu, mwembe, mti wenye mwavuli. Tena ruhusa ya kuanza kulitumia jengo itoke mti ukiwa umevuka kiangazi kimoja na uko hai. Na uwanja usisakafiwe wote. Kila kiwanja kinachofunikwa zege kuanzia ukuta hadi ukuta kinampelekea maji mtu wa bondeni, na Mto Msimbazi tunaujua. Mafuriko ya Desemba 2011 ndiyo yaliyowahamishia wenzetu Mabwepande.

Ule mteremko, dawa yake ni rahisi. Siku ya ukaguzi wa mwisho aitwe mtu wa baiskeli, alipwe posho kama mkaguzi mwingine, apande peke yake hadi kaunta. Akifika, piga muhuri. Akishindwa, wavunje wajenge upya.

Lipo jambo ninalolibeba, nalo nalitoa hapa. Mtaa mmoja ulikuwa na eneo la wazi, kama robo ya uwanja wa mpira. Watoto walicheza chandimu, wanawake walianika mpunga, misiba ilipigwa hema hapo. Likaja faili la kubadili matumizi, limeandikwa kwamba kipande kile "hakitumiki". Nilikuwa nalijua, dada yangu aliolewa mtaa ule na turubai la harusi lilisimama hapohapo. Nikapewa mchoro nirekebishe. Wino kwenye karatasi ya kuangaza haufutiki kwa raba, unakwanguliwa kwa wembe. Nikakaa asubuhi nzima nakwangua kijani, rangi ya eneo la wazi, taratibu karatasi isitoboke, nikaandika matumizi mapya kwa mwandiko wangu mzuri. Sikusema neno. Mwaka uliofuata palisimama ukuta, na misiba ya mtaa ule sasa inaziba barabara. Faili kama hilo litawafikia, na neno litakuwa lilelile, kwamba hapatumiki. Kabla hamjajadili, nendeni Jumamosi jioni mkasimame hapo nusu saa.

Na msije mkazigeuza sheria hizi fimbo ya kuwapigia wasio nacho. Sehemu kubwa ya watu wa jiji hili wanaishi kwenye makazi yaliyojengwa kabla ya ramani kufika. Masharti ya Masaki mkiyapeleka Tandale yatazaa rushwa na bomoabomoa tu. Huko anzeni na njia, mtaro, na kivuli cha mahali watu wanapokaa tayari. Kijiwe cha bodaboda kipo chini ya mwarobaini kwa sababu, na mama lishe naye kafuata hapohapo. Hananasifu miaka ya 1990 wakazi wenyewe walichimba na kujenga mifereji na njia zao, wakashirikishwa kuanzia kuamua zipite wapi. Hilo nililiona kwa macho yangu, mabishano yalikuwa marefu, lakini kila mtu alijua mfereji ni wa nani.

Sensa ya 2012 ilituhesabu milioni 4.36, ya 2022 ikatuhesabu milioni 5.38. Watu milioni moja kwa miaka kumi, na wengine wako njiani. Majengo watakayoishi mengi bado ni karatasi, yatapita mezani kwenu.

Nipo Magomeni. Chagueni siku yoyote ya Januari, saa saba mchana, mje kwa miguu. Jirani yangu amekubali kutangulia na baiskeli yake, sisi tumfuate kutoka mlangoni kwangu hadi kituo cha mwendokasi cha Magomeni Mapipa, tukisimama mbele ya kila jengo. Futi kamba ninayo. Maji ya kunywa nitaweka ya kutosha.

Ni mimi bibi yenu,
mchora ramani mstaafu, Magomeni